Kipimo cha Kashenyi

Ofisi ilinipa utepe wa chuma wa mita hamsini,
daftari, na buti za mtu aliyestaafu.
Kaupime Kashenyi, wakasema, toka chemchemi hadi ziwani.

Chemchemi iko nyuma ya choo cha shule, juu Kadutu.
Hapo mto ni kitu cha kurukwa na mtoto wa miaka minne:
upana, sentimita arobaini; kina, kifundo cha mguu.
Niliandika. Kisha nikayanywa maji kwa kiganja
na hilo sikuliandika.

Mita mia tatu chini, Nsimire anaosha mihogo iliyolowekwa;
harufu yake inautangulia mto kwenye kona.
Mita mia sita, lengalenga, matuta kumi na moja,
yote ya Mama Ntakwinja, anayenyunyizia
kwa kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari.
Unapima ili mulinde, akauliza, au ili muuze?
Napima tu, nikajibu.
Akacheka, akazimwagia buti zangu.

Kilomita moja na nusu: daraja la magogo mawili.
La tatu lilipikia maharage ya mtu mwaka jana.
Chini yake vijana wanazoa mchanga kwa ndoo.
Mto unauleta usiku, wao wanauuza mchana,
na nyumba kibao za kule mlimani
zimesimama juu ya mgongo wa Kashenyi bila kujua.

Halafu pikipiki, saba kwa mpigo.
Cirhuza anapiga povu: faranga elfu moja,
mbili kama umetoka Walungu na matope yako.
Hatua ishirini baada ya povu
shuka za bibi harusi zinafuliwa.
Nilipouliza nani anachafua maji
kila mmoja alinyoosha kidole kupanda mto,
nami nikafuata vidole, kimoja baada ya kingine,
hadi nikafika tena kwenye choo cha shule,
ambako watoto walinyoosha vidole mawinguni.

Karibu na ziwa ramani ya zamani inasema mita tisa.
Utepe ulisema mbili na robo.
Zile sita na robo tatu zina ukuta, geti jekundu,
na hati yenye mihuri minne.
Mto ulihama, alisema Zihindula, mlinzi wa geti.
Ulihamia wapi?
Akatazama saa ambayo mkononi haikuwepo.

Mdomoni, Kashenyi unaingia Kivu kama ulimi wa kahawia,
unalamba buluu kidogo, unapotea.
Pwani yetu haina chumvi wala kupwa na kujaa.
Ina sambaza, wanaokuja pale maji mawili yanapokutana,
na wanawake wenye makarai wanaojua saa yao.
Jumla, niliandika: kilomita tatu na mita mia mbili.
Nikapiga mstari chini yake, kwa rula.

Jumanne usiku mvua ikanyesha
kama mtu anayemwaga kokoto juu ya mabati, gunia baada ya gunia.
Asubuhi ukuta haukuwepo.
Zihindula alikuwa juu ya mti wa parachichi, mzima,
redio yake kifuani.
Geti nililikuta ufukweni, limelazwa juu ya mawe manne,
na sambaza wameshaanikwa juu yake, safu kwa safu,
wakikauka vizuri kwenye chuma chekundu.

Nilipima tena. Mita tisa na sentimita kumi.
Hizo kumi, nadhani, ni riba.

Ofisini wananisubiri niseme namba ipi ni ya kweli.
Sijaenda. Nimepanda kwanza kwa Mama Ntakwinja.
Matuta yamebaki manne; kopo liko kwenye uzio wa jirani.
Hakuniuliza kitu.
Alishika ncha moja ya utepe, akanipa nyingine,
akarudi nyuma hatua kwa hatua, visigino ndani ya tope,
akitafuta pa kuanzia tuta la tano.